Sauti Ng'ambo ya Ukuta wa Mbao

Tulikubaliana tukiwa bado kwenye basi, kabla halijaanza kuupanda mlima wa Zao: siku tatu hizo, hakuna kutaja wazazi. Si wangu, si wake. Atakayevunja ahadi atabeba skii za mwenzake kutoka mlimani mpaka nyumba ya wageni.

"Na nikimtaja mama usingizini?" Ryohei aliuliza.

"Utabeba zako na zangu."

Alicheka. Kicheko cha Ryohei huanzia machoni, midomo hufuata baadaye kama iliyochelewa kupata habari. Nilimtazama kwa pupa, kama mtu anayekula harakaharaka kwa sababu basi limeshaanza kupiga honi. Nilikuwa na neno moyoni ambalo yeye hakulijua.

Mimi ni mtoto wa pekee wa nyumba ya Ebisawa kule Aizu, ambako ukoo wetu umetengeneza miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa, kwa vizazi sita. Nyumba kama yetu, isiyo na mtoto wa kiume, humtafutia binti yake mwanamume atakayekubali kuliacha jina lake, ahamie kwetu, aitwe Ebisawa na kulirithi ghala. Ryohei Kusunose naye ni mtoto wa pekee. Baba yake alifariki, na mama yake anaishi peke yake kusini kabisa, Kochi, akitunza miti ya yuzu, malimau ya huko, ambayo marehemu aliipanda miteremkoni kwa mikono yake. Tulipendana miaka minne mjini Sendai, mimi nikiuza miso ya kwetu katika duka dogo, yeye akitengeneza lifti za maghorofa. Na kwa miaka minne tulilikwepa jambo lile kama watu wanaolizunguka shimo barabarani. Aprili ilikuwa inakuja. Aprili baba alinitaka nyumbani.

Siku mbili za kwanza nilisahau kila kitu. Mimi nimekulia kwenye theluji. Skii nilizivaa kabla sijajua kusoma. Ryohei ni mtu wa nchi ya jua. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka akiwa amesimama kabisa, anasubiri zamu yake kwenye foleni ya lifti.

"Hapo umeangushwa na nini?" nilimuuliza.

"Na uzuri wako."

"Toka hapa! Inuka, unazuia watu."

Mchana tulikula konnyaku, vile vidonge vinavyoteleza vya rangi ya kahawia, vimechemshwa kwenye sosi ya soya na kuchomekwa kwenye kijiti. Alinipulizia changu kipoe, kisha akakila yeye. Jioni Bibi Satake, mwenye nyumba ya wageni, alituletea mchuzi wa magimbi na kumwambia Ryohei, "Mwongezee mkeo, anakula kwa aibu." Hakuna aliyemsahihisha. Ryohei alichukua bakuli langu akaniongezea, akinitazama, nami nikainamisha uso kwenye mvuke ili asione nilivyo.

Siku ya tatu asubuhi tulipanda lifti ya viti, ile ya watu wawiliwawili inayoning'inia kwenye waya. Tulikuwa juu kabisa ya miti, ile iliyovikwa barafu na upepo mpaka imekuwa kama majitu meupe yaliyoinama, kiti kilipotikisika mara moja na kusimama.

Upepo ulivuma. Kiti kikabembea.

"Wewe si fundi wa lifti?" nikasema. "Shuka uitengeneze."

"Lifti zangu mimi zina kuta. Tena zina kitufe cha kuomba msaada."

"Basi kibonyeze."

Alinibonyeza pua kwa ncha ya glavu yake iliyojaa theluji. "Msaada," akasema polepole.

Sijui ni kwa nini pale. Ningeweza kuvumilia maneno makubwa. Kadogo kale kalinivunja. Nilitazama ncha za viatu vyangu zikining'inia hewani.

"Ryohei. Leo nitabeba skii zako."

Alinielewa mara moja. Kicheko kilimtoka usoni.

"Sema."

"Jumapili kuna mgeni anakuja nyumbani. Mtoto wa pili wa familia moja ya Niigata. Baba amempata kupitia kwa rafiki yake. Yuko tayari kuchukua jina letu."

"Anakuja kukuona."

"Tunaonana. Chai tu, na wazazi."

"Na wewe ulisemaje?"

Upepo ulinisaidia kidogo, nilisubiri upite. "Nilisema ndiyo."

Mtu wa kiti cha nyuma yetu alikuwa akipiga mluzi kujipa moyo.

"Kwa hiyo hizi siku tatu," Ryohei alisema, "umekuja kuniaga."

"Usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Maana ungeniambia, ningeanguka kwa heshima kidogo."

"Ryohei, tafadhali."

"Mwaka mpya nilipokwenda nyumbani," akasema, bila kunitazama, "nilimwambia mama habari zako. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alichukua ndoo akanipeleka makaburini. Akaliosha jiwe la baba taratibu, kama anavyoosha mchele, halafu akaniambia, 'Haya, mwambie mwenyewe. Mwambie kuanzia Aprili utaitwa Ebisawa.'"

"Ukasemaje?"

"Sikufungua mdomo. Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha tukarudi nyumbani tukala."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Lifti ikashtuka, ikaanza kwenda. Tuliteremka kitini huko juu bila kushikana mikono, yeye akayumba, akaidaka fimbo yangu badala ya bega langu. Nilimngoja aseme neno moja. Alivuta miwani usoni.

"Nenda kamwone," akasema. "Huenda ni mtu mzuri."

"Ndiyo maneno yako yote hayo?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Nilitaka useme usiende!"

"Kwa haki gani, Kozue? Nikwambie usiende, halafu mimi nishindwe kuja? Nitakuwa nimekufungia mlango na kuondoka na ufunguo."

"Bora hivyo kuliko kunifungulia mlango kama mtumishi wa hoteli!"

Niligeuza skii zangu nikashuka. Nilishuka bila kukata kona, mlima mzima ukinipigia kelele masikioni, machozi yakiniganda ndani ya miwani. Katikati ya mteremko nilisimama nikatazama juu. Koti lake jekundu lilikuwa mbali, dogo kama punje. Lilisimama. Likaanguka. Likakaa chini kwa muda, likasimama tena. Kila kiungo changu kilitaka kupanda kumfuata. Nilimwacha kwenye njia ambayo hata wenye uzoefu huishuka kwa adabu, mtu ambaye jana alikuwa bado anauliza breki iko wapi. Lakini kiburi nacho kilikuwa kimevaa skii siku ile. Nikashuka mpaka chini.

Saa kumi jioni alikuwa bado hajarudi. Nilimuuliza Bibi Satake mara tatu, mara ya nne akanikabidhi taulo.

"Nenda bafuni kwenye maji ya moto," akasema. "Amepiga simu kutoka kwenye kibanda cha chini. Yuko mzima. Wewe ndiye unayenitia wasiwasi, unanichakazia zulia."

Bafu la umma liko hatua chache kutoka hapo, kibanda cha mbao juu ya chemchemi ya moto, chenye harufu ya kiberiti ambayo haitoki kwenye nywele kwa wiki nzima. Upande mmoja wanawake, upande mwingine wanaume, katikati ukuta wa mbao ambao haufiki darini wala haufiki chini. Maji ni yaleyale. Yanapita chini ya ukuta kutoka upande hadi upande.

Ndani nilikuta wanawake wawili wa makamo kutoka vijiji vya chini, mawifi, mmoja mnene mwenye taulo kichwani, mwingine mwembamba aliyezama mpaka kidevuni. Tulisalimiana. Niliketi karibu na ukuta, nikafumba macho.

Upande wa pili mtu alikohoa. Kikohozi kile ningekitambua hata sokoni.

"Umefika?" niliita.

"Nimefika," Ryohei akajibu. "Kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu."

Yule mwembamba alicheka ndani ya maji, yakafanya mapovu.

"Umeumia?"

"Hapana."

Mnene alinisogelea, akaninong'oneza. "Mumeo?"

"Bado."

"Bado ya kesho au bado ya milele?"

Nilihisi macho yananijaa, nikajimwagia maji usoni. Aliona. Akanishika bega kwa mkono mzito wa moto.

"Kozue," Ryohei aliita. Sauti yake ilibadilika. "Uko peke yako humo?"

Niliwatazama wale wawili. Mnene alitikisa kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Mwembamba aliunganisha viganja kuniomba.

"Ndiyo," nikasema. "Na wewe?"

"Niko na mzee mmoja, ila amelala."

"Silali," sauti kavu ikasema. "Nimefumba macho tu. Endelea, kijana."

Ryohei, kama mtu aliyeamua kwamba aibu si kitu tena, akaanza.

"Nimeanguka mara kumi na tisa leo. Mara ya kumi na mbili sikuinuka. Nililala chali, theluji inaniingia shingoni, nikawa naona anga tu. Nikajiuliza, hali hii niliiona wapi? Nikakumbuka makaburini. Kule pia nilikuwa hivi, nimeanguka, ila kwa kusimama. Mama aliniambia nimwambie baba. Nikanyamaza. Halafu nikarudi Sendai, mwezi mzima najiambia mama amekataa. Lakini mama hakukataa, Kozue. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Niliweka kiganja changu kwenye mbao. Zilikuwa za moto na zenye utelezi.

"Na mimi vilevile," nikasema. "Baba hakunilazimisha. Aliniuliza tu kama nitamwona huyo mtu, na nikasema ndiyo kabla chai haijapoa. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia kuna wewe. Miaka minne, Ryohei. Hajui hata kama upo."

"Hajui?"

"Anajua kuna rafiki anayenitengenezea rafu za duka."

Mnene aliguna kwa hasira, kama aliyetukanwa yeye.

"Vizuri," Ryohei alisema. "Basi leo nijulikane. Kesho naenda Kochi. Nitasimama pale pale, nitamwambia baba yangu. Siahidi kwamba mama atakubali. Hilo siwezi kuliahidi. Lakini asubuhi uliniomba neno nikakosa haki ya kulisema. Sasa nalisema, nikiwa na haki au sina. Jumapili usimwone huyo mtu. Nakuomba. Usiende."

Alijisogeza karibu na ukuta, nadhani, kwa maana wimbi dogo lilitoka chini ya mbao, likanifikia, likanipanda taratibu mpaka kifuani. Nilitetemeka ndani ya maji ya moto. Miaka minne alikuwa amenikumbatia mara zisizo na idadi, lakini sikuwahi kumtamani kama dakika ile, na ukuta wa unene wa kiganja kati yetu.

Nilibandika viganja vyote viwili kwenye mbao.

"Binti," yule mzee akasema, "jibu basi. Daktari ameniruhusu dakika kumi tu humu, nami nimeshapitisha ishirini."

Mnene alishindwa. Kicheko kilimpasuka, kikapiga dari, na mwembamba akafuata.

"Kozue!" Ryohei alipiga kelele. "Ulisema uko peke yako!"

"Mjibu, mwanangu!" mnene akasema, akinisukuma. "Sisi tunatazama dirishani, hatusikii kitu!"

"Siendi!" nilipaza sauti, nikicheka na kulia kwa pamoja. "Umesikia? Siendi!"

"Amesikia," mzee akasema, na tukasikia maji yakimwagika anapoinuka. "Kijiji kizima kimesikia. Kwaherini."

Asubuhi iliyofuata tulipanda treni moja kutoka Yamagata, kwa sababu njia zetu hazikuachana mpaka Koriyama, mimi nikigeukia kwetu, yeye akiendelea kusini. Hatukuzungumza sana. Alikuwa na mchubuko kwenye shavu na alikaa upande mmoja wa kiti, akijihurumia. Nilimega wali wa chakula chetu cha safari nikamlisha. Kabla hatujafika alinishika mkono, akaufungua, akatazama kiganja changu kama mtu anayetaka kukikariri.

"Nisipopiga simu Jumapili," alisema, "usinisubiri."

"Nitakusubiri Jumatatu. Na Jumanne."

"Kozue."

"Jumatano nitakasirika. Lakini nitasubiri."

Niliteremka. Madirisha ya treni zile hayafunguki. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akasema kitu ambacho sikukisikia, treni ikamchukua. Nilibaki nimesimama pale mpaka mhudumu wa kituo akaniuliza kama nimepotea.

Baba nilimkuta ghalani, amekunja mikono ya shati, anageuza miso ndani ya pipa. Sikungoja hata kuvua koti.

"Baba, Jumapili sitamwona yule mgeni."

Aliendelea kugeuza. "Kuna mtu?"

"Yupo."

"Ana jina?"

"Analo. Ndilo tatizo."

Aliweka koleo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilidhani atafoka. Alifuta mikono kidole kimoja kimoja, akatoka nje bila koti, na theluji ilikuwa inaanguka. Siku mbili hakula nasi meza moja. Mama alinitupia macho ya lawama, kisha ya huruma, kisha akaniuliza kwa siri jikoni, "Ni yule wa rafu?" Nilipoitikia alipumua. "Nilijua. Hakuna mtu anayepima rafu moja mara tano." Jumapili asubuhi baba alivaa suti yake nyeusi akaenda Niigata mwenyewe kuomba radhi kwa niaba yangu. Mlangoni alivaa viatu huku amenipa mgongo, akasema, "Mwambie huyo mwenye jina aje aniambie mwenyewe. Sipokei ujumbe."

Saa nane mchana simu haikuwa imelia. Saa tisa pia. Nilifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Nilimkumbuka kila mahali: sauti yake, harufu ya kiberiti kwenye shingo yake, namna anavyogeuza kichwa anapoitwa. Nilijiambia Jumatatu, na Jumanne. Saa kumi kasorobo simu ikatetemeka mfukoni mwangu, nikakaa chini palepale, kwenye ngazi ya ghala.

"Nimemwambia," Ryohei alisema. Alikuwa anahema. "Nilikwenda peke yangu. Nikasimama nikamwambia baba yote, wewe, jina, Aprili. Nikamaliza, nikageuka, mama yuko nyuma yangu na ndoo."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Baba yako masikio yake yalikuwa mazito. Rudia.'"

Nilifunika mdomo kwa mkono.

"Nikarudia kwa sauti ya juu. Mama alikuwa analia, lakini hakuacha kumwaga maji. Kozue, ameniomba kitu kimoja. Nikae mpaka mwisho wa Machi, tuipogoe miti yote pamoja, anionyeshe nani wa kumpangishia shamba. Siku arobaini na moja. Nimehesabu. Sijui nitaziishije."

"Baba yangu anasema uje umwambie mwenyewe."

"Nitakuja. Nimeshapata mazoezi." Alicheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Ngoja. Yuko hapa. Anataka simu."

Nilisimama wima ngazini, nikatengeneza nywele kana kwamba ataniona. Sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba, yenye lafudhi ya kusini, ya mtu asiyependa simu.

"Ndiwe Kozue?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Huko kwenu kuna theluji nyingi?"

"Nyingi, mama. Imefika madirishani."

Nilisikia upepo wa kwao, na mbali kidogo Ryohei akimuuliza kama amemaliza.

"Huyu mtoto hupiga teke blanketi akilala," akasema. "Tangu mdogo. Huku si neno, huku kuna joto. Huko kwenu utakuwa unaamka kumfunika?"

"Nitaamka, mama."

"Haya," akasema. Lakini hakukata simu, wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, yeye kule kwenye jua lake na mimi kwenye theluji yangu, tukisikilizana tunavyopumua.